Tetemeko lilikukuta wapi? Simulizi yako ni kipimo

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 na dakika 13 usiku, nilikuwa nimekaa sebuleni, ghorofa ya tatu, hapa Unguja mjini. Vilianza vikombe vya kabatini. Vilitoa mlio mwembamba, kama mtu anavipanga. Nikadhani ni lori linapita. Pakatulia. Baada ya kitambo, kiti kikanisukuma ubavuni, pazia likaachana na ukuta na kurudi, taa ya darini ikaanza kubembea. Mke wangu akatoka jikoni akaniuliza: "Na wewe unaona kizunguzungu?"

Kazi yangu ni elimu ya maafa, na bado sekunde zile za mwanzo sikujua ni nini. Kwa hiyo simlaumu aliyechanganyikiwa.

Kile kitambo cha utulivu kina maelezo yake. Ardhi inapokatika huko chini, hutuma mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza hukimbia kilomita kama 6 kwa sekunde na hugonga kidogo tu; ya pili huenda karibu nusu ya mwendo huo, lakini ndiyo yanayoyumbisha nyumba. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Kwa masafa ya hadi hapa kwetu, mawimbi hayo mawili huachana kwa sekunde kumi na kitu. Mlio wa vikombe ulikuwa ni hodi.

Asubuhi yake nilipita barazani nikiuliza watu. Majirani wa chini waliokuwa wakinywa kahawa hawakuhisi chochote, na walidhani tunazua. Mama mmoja wa ghorofa za juu za Michenzani aliteremka ngazi zote na mtoto mgongoni, miguu mitupu. Mzee mmoja alikuwa na hakika kuwa presha imempanda, akameza dawa zake. Jamaa yangu wa Chake Chake aliniambia kwa simu kuwa aliona maji yanacheza kwenye ndoo, naye hajaigusa.

Hakuna aliyesema uongo. Mtikisiko unaotoka mbali huyumbisha zaidi majengo marefu, kama mnazi unavyoyumba kileleni huku shina limetulia. Udongo nao una neno lake: aliyejenga juu ya jiwe la matumbawe hutikiswa kidogo kuliko aliyejenga juu ya kifusi na mchanga, mfano sehemu za mji zilizokuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa.

Ndiyo maana nayathamini masimulizi haya kuliko watu wanavyodhani. Mashine hutuambia ukubwa wa tetemeko lenyewe, na namba hiyo ni moja tu kwa tetemeko zima. Nguvu iliyofika Makunduchi, Kikwajuni au Wete ni jambo jingine. Hilo hupimwa kwa mizani ya Mercalli yenye daraja 12, na daraja zake ni masimulizi ya watu: je, waliolala waliamka? Taa zilibembea? Vyombo vilianguka? Plasta ilipasuka? Ukikumbuka vizuri, unapima.

Wapo wanaoniambia kuwa sisi ni watu wa visiwani, zilizala, yaani tetemeko, tunaijua kwa kuisoma katika Qur'ani chuoni tu. Naelewa kwa nini wanasema hivyo, lakini ufa mkubwa wa Afrika Mashariki hauishii bara. Tawi lake moja limo baharini, pwani yetu hii hii. Na nchi yetu imeshaumia: Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa unaokaribiana na lile letu liliua zaidi ya watu 10 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake. Tofauti kubwa ilikuwa masafa. Lao lilikuwa miguuni mwao.

Sasa nirudi kwa yule mama wa ngazi, maana ndiye anayeninyima usingizi. Alifanya alichofanya kila mzazi, na alisalimika kwa sababu mtikisiko ulikuwa mdogo. Ukiwa mkubwa, ngazi ni mahali pa kuangukia. Ukiwa ndani, baki ndani: jikunje chini ya meza imara, au inama kando ya kitanda mbali na dirisha na kabati, ukinge kichwa kwa mikono, mtoto awe chini yako. Mji Mkongwe nasisitiza zaidi, kwani kukimbilia kichochoroni ni kujiweka chini ya roshani, mabati na kuta nzito za mawe na chokaa pande zote mbili. Mtikisiko ukiisha, funga mtungi wa gesi, zima umeme, ndipo mtoke taratibu kwenda uwanjani. Na ujumbe wa simu unaotaja saa ambayo tetemeko kubwa zaidi litakuja, ufute. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kuitaja saa hiyo.

Kuna na bahari. Tetemeko la 2020 halikuwa na ubavu wa kuinua tsunami. Lile la Sumatra, Indonesia, la tarehe 26 Desemba 2004, lenye ukubwa wa 9.1, lilitoa nishati zaidi ya mara 60,000 ya hili la 2020. Lilitokea karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, na huku hakuna aliyelihisi. Mawimbi yalifika mchana, yakaua watu Dar es Salaam na mamia Somalia. Siku ile ilikuwa mwezi mpevu, bahari iko kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wanazijua zamu za maji kuliko mtu yeyote wa ofisini. Kwao neno ni moja: maji yakikupwa nje ya zamu yake, usiyafuate kuokota samaki, panda juu. Na ukiwa pwani ukahisi mtikisiko mkali au mrefu, ondoka bila kungoja tangazo.

Baada ya tetemeko, andika: saa, ulipokuwa, ghorofa ya ngapi, kilichotikisika, kilichoanguka. Mpelekee sheha wako. Ukuta ukiwa na ufa, chora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, na tarehe pembeni yake. Mzee mmoja wa Mji Mkongwe alifanya hivyo baada ya usiku ule, ghorofa ya juu, chini ya boriti. Ufa ulikaa pale pale kwa miezi. Masika yalipokuja ukavuka mstari kwa upana wa vidole viwili, na fundi alipopanda paa akakuta mfereji wa maji umetoboka juu ya ukuta ule ule. Mfereji ukabadilishwa, ufa ukazibwa kwa chokaa badala ya saruji ili ukuta uweze kupumua, na mzee akachora mstari mpya.