Kioo hakichujuki, Baba Paroko

"Fundi, rangi za dirisha letu zimechujuka, tunaomba uje uzipake upya."

Simu hiyo nimeshaipokea Lindi, nimeipokea Masasi, na juzi imenikuta Mikindani nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika kisu cha kukatia risasi, yaani ile metali laini inayoshikanisha vipande vya kioo, si ya bunduki. Aliyepiga ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mzima. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nakuomba usinunue rangi." Akanyamaza kidogo. Makopo mawili yalikuwa yameshanunuliwa, nyekundu na bluu, rangi ya mafuta ile ya kupakia mageti.

Basi naandika, maana kueleza jambo moja kwenye simu kila mwezi kunachosha.

Kioo cha rangi cha kanisani hakikupakwa rangi. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe tangu kilipokuwa uji wa moto tanurini. Bluu hutokana na madini ya kobalti. Kijani ni chuma au shaba. Zambarau ni manganizi. Waridi lile la bei mbaya hutokana na chembe za dhahabu, na rangi nyingi za nyekundu na za machungwa za karne ya 20 ni seleniamu na kadimiamu. Ukishatia bizari kwenye mchuzi, huwezi kuifuta kwa kitambaa. Na hapa ni hivyo hivyo. Nikiwa na kipande kilichovunjika huwa nawaonyesha watu ukingo wake: bluu ni bluu kuanzia uso wa mbele hadi wa nyuma. Nyekundu ndiyo yenye ujanja. Mara nyingi utaona utando mwembamba mwekundu umelala juu ya kioo cheupe, kwa sababu nyekundu ya shaba ikiwa nene huonekana nyeusi. Watu wakiuona utando huo hushangilia: "Si umeona, imepakwa!" Haikupakwa. Ni kioo juu ya kioo, vimeungana vikiwa vya moto.

Kwa hiyo jua la Mtwara, pamoja na ukali wake wote, haliitoi. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lina vioo vya mwanzoni mwa karne ya 13, na bluu yake mpaka leo ndiyo inayowavuta watu kutoka pembe zote za dunia. Ninachokubali ni kimoja tu: kioo cheupe cha zamani kilichotiwa manganizi, kikikaa juani miongo mingi, huanza kuwa na uzambarau kidogo. Hapo utaona jua limeongeza rangi, halikupunguza.

Mbona basi watu wanasema zimechujuka? Nadhani najua. Makanisa mengi mapya yamebandika stika za plastiki juu ya kioo cha kawaida, zenye picha ya njiwa na mnara. Stika inachujuka kweli, tena haraka: nyekundu inatangulia, halafu njano, mwisho njiwa anabaki wa bluu peke yake. Mtu akishaona hilo kwa jirani, analihukumu na dirisha la wamisionari vivyo hivyo. Wengine wanachanganya na michoro ya ukutani. Ile kazi ya Padre Polycarp Uehlein katika kanisa la Mtakatifu Paulo, Mtwara mjini, ni rangi juu ya lipu, na ukuta una magonjwa yake. Msiniitie mimi.

Kinachofanya dirisha lionekane limefifia ni uchafu. Kuna vumbi, kuna moshi wa mishumaa kwa ndani, na kuna chumvi inayoletwa na kusi. Na kwa makanisa yaliyozungukwa na mikorosho kuna salfa: mwezi wa Juni na Julai mabomba yakianza kunguruma mashambani, unga wa njano unatua kila mahali, na kioo nacho ni mahali. Panda ngazi, lowesha kidole, chora mstari mmoja. Bluu ile ile ya siku ya kutabaruku itakutazama.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Juu ya kioo hicho mara nyingi kuna kitu kilichopakwa kweli, nacho si rangi ya kuvutia macho. Ni mistari ya kahawia au nyeusi: macho, pua, vidole, mikunjo ya kanzu, maandishi. Hutengenezwa kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksaidi ya chuma au ya shaba, ukachorwa kwa brashi, kisha kipande kikarudishwa tanurini kwenye joto la nyuzi mia sita na kitu hivi mpaka mchoro ukashikana na kioo. Ukiiva vizuri, unadumu karne. Usipoiva vizuri, na karne ya 19 na ya 20 zina kazi nyingi zisizoiva, unang'oka kama ukoko wa kidonda.

Kanisa moja, silitaji, waliamua kufanya usafi kabla ya kipaimara. Vijana wakapewa stilwaya na dawa ya kusafishia choo. Walifanya kazi kwa moyo, siwezi kuwalaumu. Nilipofika, dirisha lilikuwa linang'aa kama sahani mpya, na mtakatifu hana uso. Kipande cha kichwa kilibaki rangi ya ngozi tupu, laini kama yai. Ukiinama na kukitazama kwa upande, ulikuwa unaona kivuli hafifu cha jicho la kushoto. Baba Paroko akaniuliza, "Fundi, huwezi kumrudishia?" Naweza kumchorea uso mwingine. Ule wa kwanza umekwenda na maji kwenye mfereji.

Kwa hiyo, ushauri wangu ambao wasaidizi wangu wameshaukariri: maji ya mvua, pamba, subira. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi, yakikauka yanaacha utando mweupe mbaya kuliko vumbi. Anza kwa nje, sehemu isiyo na mchoro. Penye mchoro, gusa kwanza kwa ncha ya pamba yenye unyevu. Pamba ikitoka na weusi wa unga unga, acha, shuka, niite. Hakuna stilwaya, hakuna siki, hakuna ndimu, hakuna dawa ya choo. Na rangi ya geti ipakeni getini. Dirisha la rangi linaishi kwa mwanga unaopita ndani yake. Ukilipaka mafuta umejenga ukuta.

Mengine nitayapitia upesi.

"Dirisha limevimba tumbo kwa sababu kioo kinatiririka polepole." Hili huletwa na walimu wa fizikia, nao hulileta kwa kujiamini. Kioo kikishapoa ni kigumu, hakitembei, hata ukikingoja miaka elfu. Vioo vya kale vina unene usio sawa kwa sababu vilipulizwa kwa mdomo. Kinachovimba ni risasi. Risasi hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya kioo. Mchana inatanuka, usiku inajikunja, kila siku, na upepo unasukuma, na uzito unashuka. Waya za shaba zinazolifunga dirisha kwenye nondo zikikatika, tumbo linatoka. Usilisukume kwa kiganja lirudi, utavunja vipande kumi kwa mpigo mmoja. Na wale walioweka kioo cha pili kwa nje kuzuia mpira wa watoto, wakakiziba pande zote bila tundu la hewa juu na chini, wamelijengea dirisha lao oveni.

"Weka silikoni, imekwisha." Ile silikoni inayonuka siki, hiyo harufu ni asidi, na asidi hiyo inaila risasi. Kati ya kioo na risasi tunatia ute wa chaki na mafuta ya kitani. Unalainika, unakauka, na mjukuu wako ataweza kuutoa. Silikoni huitoi mpaka uvunje kitu.

"Haya mabonge si kioo cha kanisa, ni mapambo ya kisasa." Kwani kisasa kina dhambi gani? Vioo vinene vya sentimita mbili na nusu hivi vilivyomiminiwa zege badala ya kufungwa kwa risasi vilianzia Paris, miaka ya 1920 na 1930. Lile kanisa la kumbukumbu la Kaiser Wilhelm mjini Berlin, lililowekwa wakfu 1961, limezungukwa na vipande zaidi ya 20,000 vya bluu kutoka karakana ya Gabriel Loire wa Chartres. Shida yake kwetu pwani ni nondo ndani ya zege. Chumvi ikiifikia, inapata kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka na kioo nacho. Ukiona ufa wenye machozi ya kahawia, usilipe mtu apige lipu juu yake.

"Ni mambo ya Wakatoliki." Ndugu zangu Waanglikana wanayo, Walutheri wanayo. Fraumünster ya Zürich ni kanisa la Kiprotestanti, na madirisha yake maarufu ya 1970 ni ya Marc Chagall, Myahudi.

Na la mwisho, hili huulizwa na akina mama wa kwaya kwa sauti ya chini: "Baba, tukikaa chini ya dirisha risasi haitatudhuru?" Haitawadhuru, mama, imbeni. Vumbi lake ndilo sumu, na vumbi hilo linatupata sisi tunaoikata na kuisugua. Kijana wangu akishuka kwenye ngazi hagusi hata muhogo wa kuchoma kabla hajanawa kwa sabuni mara mbili, na shati la kazi haliingii nyumbani kwake.