Guyana si Ghana, na mambo mengine ya kujua kabla ya kukata tiketi

Mwambie jirani kwamba unakwenda likizo Guyana, na yumkini atakuagiza kitenge cha Accra. Guyana iko ng'ambo ya Atlantiki, kaskazini mwa Amerika ya Kusini, imebanwa na Venezuela, Brazil na Suriname. Wanaoifikiria ni wachache, na wengi wao huipanga safari kwa mambo waliyosikia kuhusu nchi nyingine.

"Bila Kihispania utapotea." La. Guyana ilitawaliwa na Waingereza hadi 1966, nayo ndiyo nchi huru pekee ya bara lile ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Mitaani watu huzungumza Krioli yao, lugha iliyochipuka kutoka Kiingereza, kwa kasi ya kukuacha nyuma, lakini ukiomba warudie polepole watarudia. Magari nayo hupita kushoto, kama Dar na Nairobi.

"Ni kanchi kadogo, nitakazunguka kwa gari kwa wiki moja." Hapa ndipo ratiba nyingi zinapovunjika. Guyana ina takriban kilomita za mraba 215,000, ndogo kidogo tu kuliko Uganda, lakini watu wake hawafiki milioni moja, na wengi mno wamejazana kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Nyuma yao ni msitu, unaofunika zaidi ya asilimia 80 ya nchi. Kwenda Lethem, mji wa kusini mpakani na Brazil, unategemea barabara moja ambayo kwa sehemu kubwa ni ya udongo. Basi dogo linaloondoka Georgetown jioni hufika kesho yake, kama mvua haikuharibu njia.

Basi anayepanga safari yako ni rubani wa ndege ndogo. Chukua maporomoko ya Kaieteur, ambako Mto Potaro unaanguka mita 226 kwa mkupuo mmoja, zaidi ya mara nne ya Niagara. Watu wengi huenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka kiwanja cha Ogle, Georgetown. Lakini mara nyingi ndege haiondoki mpaka abiria wa kutosha wapatikane, na ukungu ukitanda juu ya msitu, mnasubiri. Anayeiweka Kaieteur siku ya mwisho ya likizo anacheza kamari. Mimi ningeiweka siku ya pili, nibaki na nafasi ya kuahirisha.

"Karibu na ikweta msimu ni ule ule." Pwani ina mvua mara mbili, kuanzia Mei hadi Julai hivi, na tena kuelekea Desemba na Januari. Mbuga za nyasi za Rupununi, kusini, zina masika moja, Mei hadi Agosti, na hapo maji hukata njia kabisa. Ukitaka pwani na Rupununi kwa safari moja, lenga Februari hadi Aprili, au Septemba na Oktoba.

"Nitaogelea kwenye maji ya buluu ya Karibi." Bahari ya Georgetown ni ya kahawia, kwa tope la Mto Amazon linalosukumwa na mkondo hadi huko. Bahari ikijaa, mji wenyewe uko chini ya usawa wa maji. Unalindwa na ukuta na milango ya kutolea maji, kazi iliyoanzishwa na Waholanzi. Jumapili jioni watu hufurika ukutani kula, kupiga soga na kupunga upepo, na hakuna anayekuja na taulo.

"Itakuwa kama Serengeti." Makundi ya wanyama usiyategemee, kwa sababu msitu unaficha. Rupununi kuna mhanga mkubwa wa kule anayekula mchwa, fisi maji wakubwa, mamba weusi, na arapaima, samaki mrefu kuliko mtu. Chui wa kule, jaguar, huenda ukaishia kuona nyayo zake tu. Fikia kwenye nyumba za wageni za vijiji vya Waamerindia, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kama Surama na Rewa, ambazo ni mali ya wanakijiji wenyewe. Waongozaji wake wameukulia msitu huo.

Kuhusu bei, sahau hadithi za Amerika ya Kusini ya bei poa. Mafuta yaligunduliwa baharini mwaka 2015, uchimbaji ukaanza 2019, na hoteli za Georgetown sasa unazigombania na watu wa kampuni za mafuta. Chakula cha mtaani ndicho nafuu. Kuna roti za Wahindi walioletwa mashambani karne ya 19, na wali uliopikwa pamoja na kunde kwa tui la nazi, ambao mtu wa Tanga hatahitaji kuelezwa.

"Kubadili ndege Marekani hakuhitaji viza." Kunahitaji. Tiketi nyingi hupitia Miami au New York, na Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kama hatoki nje ya uwanja. Anza na hiyo kabla ya kulipa chochote. Chanjo ya homa ya manjano nayo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, ndipo cheti kianze kutambulika. Kitunze hata baada ya kufika, maana ukirudi nyumbani kutoka Guyana utaulizwa tena.