Osteopathia na Figo: Mikono Inafika Wapi, Inaishia Wapi

Kiuno kikiuma, wengi husema figo zinauma. Mara nyingi sizo. Maumivu ya misuli hubadilika ukiinama, ukigeuka au ukilala. Maumivu ya figo hukaa chini ya ubavu wa mwisho, pembeni mwa uti wa mgongo, na kwa kawaida hayapungui hata ukibadilisha mkao. Jiwe la figo likishuka kwenye mrija unaopeleka mkojo kibofuni, maumivu huja kwa vipindi vikali na kuelekea kwenye kinena. Mtabibu wa osteopathia anapaswa kutenganisha haya kabla hajakugusa.

Osteopathia ilianzishwa Marekani na Andrew Taylor Still mwaka 1874. Ni tiba ya mikono inayolenga misuli, viungo, utando unaovifunika, na upumuaji. Uhusiano wake na njia ya mkojo una msingi katika maumbile ya mwili. Figo zimeegemea misuli ya kiuno, chini kidogo ya kiwambo cha pumzi, na kila ukivuta pumzi hushuka sentimita chache kisha hurudi. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye figo hutoka sehemu ya chini ya kifua na mwanzo wa kiuno. Ile inayokiamuru kibofu kijikaze na kutoa mkojo hutoka kwenye pingili za 2 hadi 4 za sakramu, mfupa ulio nyuma ya nyonga. Ndiyo maana figo yenye tatizo huweza kukaza misuli ya mgongo, na misuli iliyokaza ikaleta maumivu yanayofanana na ya figo.

Hapo ndipo mikono inaweza kusaidia: kulegeza misuli ya kiuno, kurahisisha mwendo wa mbavu na kiwambo, na kurekebisha mkazo wa nyonga. Lakini kusema kwamba kubonyeza mgongo kunaongeza uwezo wa figo kuchuja damu ni dai lisilo na ushahidi wa kutegemewa. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na karibu zote hurudishwa mwilini. Kazi hiyo hufanyika ndani ya vichujio vidogo mno, na vikishakufa haviamshwi kwa mikono. Maambukizi yanayopanda kwenye figo yanahitaji antibiotiki. Jiwe kubwa huhitaji kuvunjwa au kuondolewa hospitalini.

Penye faida ya wazi zaidi ni sakafu ya nyonga, misuli inayoshika kibofu kwa chini. Mkojo ukivuja unapokohoa au kunyanyua kitu, mazoezi ya kukaza misuli hii ndiyo tiba ya kwanza. Lala chali, kunja magoti, kisha kaza kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Shikilia hadi sekunde 5, achia kabisa kwa muda uleule, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kabla misuli haijapata nguvu.

Makosa yanajulikana: kubana pumzi, kukaza makalio badala ya sakafu yenyewe, na kujizoeza kwa kukatiza mkojo unapokojoa, jambo linaloweza kuacha mkojo kibofuni. Kuna pia watu ambao misuli yao imekaza kupita kiasi. Mkojo hutoka kwa kusuasua na nyonga huuma. Hao wakizidisha kukaza, huumia zaidi. Wanahitaji kujifunza kuachia kwanza, kwa pumzi ya polepole inayofika tumboni, na hapa mtaalamu wa mikono ana kazi kubwa.

Anayekwenda chooni kila baada ya saa moja ajaribu kuongeza dakika 15, akishazoea aongeze tena, kwa wiki 6 au zaidi, bila kupunguza maji hovyo. Mkojo mzito huwasha kibofu na hulea mawe.

Mwambie mtabibu historia yako yote. Figo iliyopandikizwa kwa kawaida huwekwa chini ya tumbo upande wa mbele, hivyo tumbo hilo halibonyezwi. Mkono wenye fistula ya dialisisi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine, haubanwi. Ugonjwa sugu wa figo hudhoofisha mifupa, na kuvuta au kusukuma uti kwa nguvu kunaweza kuivunja. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda pia asifanyiwe hivyo.

Homa pamoja na maumivu ya ubavuni, damu kwenye mkojo, au mkojo kukatika ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Ganzi kati ya mapaja pamoja na kushindwa kukojoa ni dharura ya mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) na albumini ya mkojo (protini inayovuja figo zikiharibika) kila mwaka hata akijisikia mzima, kwa kuwa figo hudhoofika muda mrefu kabla ya kuuma.