Maji ya Nairobi hayafiki mia

Kila muhula wa kwanza, kabla sijafungua somo, huwapa wanafunzi wangu wapya jaribio la maswali kumi lisilo na alama. Wanalichukia kuliko mtihani wenyewe. Mtihani wameuzoea, wametoka kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakiwa na fasili zote kichwani.

Swali la nne huuliza kuchemka ni nini. Karibu wote hulipata: kiowevu huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na la hewa inayokizunguka. Safi kabisa. Swali la saba huuliza maji yatachemka kwa nyuzi ngapi hapa Nairobi. Wale wale, kwa kalamu ile ile, huandika 100.

Basi hubeba jiko la umeme na sufuria hadi darasani. Maji yanatokota, kipimajoto kinasimama kwenye 94. Mwaka mmoja kijana wa mstari wa mbele akaniambia kwa upole, “Dok, hiki kipimajoto kimeharibika.” Nikamletea kingine. Kikasoma vivyo hivyo. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyotulalia ni pungufu kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mvuke hauhitaji joto lote lile ili kuisukuma. Anayepika githeri Nairobi huisubiri zaidi iive, na analipia tofauti hiyo kwa gesi.

Kabla sijaipua sufuria huuliza viputo vile vina nini ndani. “Haidrojeni na oksijeni,” wanajibu, tena kwa sauti kubwa. Ingekuwa hivyo, asubuhi moja chai ingelipua jiko. Ni mvuke wa maji tu: molekuli zimeachana, hazijavunjika. (Vile vidogo vya mwanzoni, maji yakiwa bado vuguvugu, ndivyo hewa iliyokuwa imeyeyuka humo.)

Upande wa biolojia, swali langu nilipendalo ni la mjakaranda ulio nje ya dirisha. Uzito wake wote ule umetoka wapi? “Udongoni,” kwa sababu ndiko mizizi iliko. Huwasimulia Jan Baptist van Helmont, mwanakemia wa karne ya 17, aliyepanda mche wa mti katika kilo 90 hivi za udongo mkavu, akaumwagilia miaka mitano. Mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua gramu 60 hivi. Yeye akasema ni maji. Alikosea, ila kosa lake ni zuri kuliko jibu letu, maana alipima. Kaboni ya shina lile imetoka hewani, kwenye kabonidioksidi, na wanafunzi wangu wanayo milinganyo ya usanisinuru, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kwa moyo. Hawajawahi kuiangalia kama hesabu ya uzito.

Swali la pH ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa mno, moli 10⁻⁸ kwa lita, huwaangusha hata walimu. (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi.) Kikokotoo kinasema pH ni 8. Asidi gani hiyo inayogeuka besi kwa kuongezwa maji? Maji yenyewe yana ioni zake za haidrojeni, nyingi kuliko za asidi hiyo. Jibu ni kama 6.98.

Siku hizi, kando ya kila jibu, nawataka waandike wana uhakika kiasi gani, 1 hadi 3. Aliyekosa na kuandika 1 simhangaikii sana, anajua hajui. Aliyekosa akaweka 3 ndiye namwita mbele ashike kipimajoto mwenyewe.