Spidi ya pleya ya santuri ikiyumba, usikimbilie kulaumu mota

Hii ya "spidi inayumba basi mota imekufa" imezoeleka mno, na watu wanatupa mota nzima bure. Kwenye pleya za miaka ya 70 na 80 zenye nobu ya kurekebisha spidi, mara nyingi tatizo ni hiyo nobu yenyewe, ndani kuna utepe wa kaboni na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake, sasa vumbi na kutu vikijaa hapo kugusana kunakuwa kwa kubahatisha, ndo unasikia wimbo unapanda unashuka kama mlevi. Chomoa plagi kwanza, pulizia spirei ya kusafishia kontakti (sio ile ya kulegezea nati jamani), zungusha nobu huku na huku, acha ikauke kabisa. Halafu angalia vidoti pembeni ya sahani chini ya kile kitaa chake, vile vya 33⅓ vikionekana vimesimama uko kwenye mizunguko 33⅓ kwa dakika, vikitembea bado. Ikigoma, ndo uende kwenye kapasita kuukuu (vile vipande vya saketi vinavyohifadhi umeme) na solda zilizopasuka. Pleya ambazo mota inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira ni habari nyingine, mkanda ukilegea spidi inayumba hata kama saketi ni nzima.