Kipandikizi cha titi kikihama, tatizo huwa liko kwenye mfuko

Mgonjwa akiniambia kipandikizi chake kimehama, kitu cha kwanza ninachokitafuta mezani ni futi, ile ile ya mafundi cherehani. Namwomba asimame wima, mikono ikining'inia, napima kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, kulia kisha kushoto. Halafu namlaza chali nione kama vipandikizi vinakimbilia makwapani. Mwisho namwambia ashike kiuno na kukaza mikono kwa nguvu, ili msuli wa kifua ujikunje mbele ya macho yangu. Hayo yote hayamalizi dakika tano, lakini huwa yameshanionyesha kipandikizi kimeelekea wapi na nini kimekisukuma huko.

Wengi wanaokuja kwangu wanaamini kipandikizi chenyewe ndicho kibovu, kwa hiyo ombi lao ni moja: "Daktari, nibadilishie." Naelewa kwa nini wanafikiri hivyo. Ila kipandikizi hakina miguu. Kinakaa ndani ya mfuko ambao daktari aliufungua kwa mkono wake, ama juu ya msuli wa kifua au chini yake, na mwili nao ukauzungushia utando wa kovu. Utando huo kila mwenye kipandikizi anao. Mwili ukikutana na kitu kigeni usichoweza kukimeng'enya wala kukitoa, hukijengea ukuta. Kipandikizi kikihama, ina maana mfuko huo umetanuka, umelegea au umejikaza upande mmoja. Ukiweka kipandikizi kipya ndani ya mfuko ule ule wa zamani, kitafuata njia ile ile.

Niliwahi kumpokea dada mmoja aliyekuwa ameshapasuliwa mara mbili kabla hajafika kwangu. Vipandikizi vyake vya kwanza vilishuka, na katika upasuaji wa pili akawekewa vikubwa zaidi, eti vijaze nafasi iliyobaki wazi. Mfuko haukuguswa. Miezi michache baadaye vilikuwa chini kuliko mwanzo. Aliponivulia sidiria aliangalia pembeni, na jambo la kwanza alilotaka kujua ni kama kosa lilikuwa lake kwa kurudi kazini mapema. Halikuwa lake. Kipandikizi cha jeli ya silikoni cha mililita 400 kina uzito wa karibu gramu 400, na uzito huo unavuta kuelekea chini mchana kutwa, kila siku. Tishu iliyokwisha kushindwa kubeba kidogo huwezi kuitwisha kikubwa ukategemea itahimili.

Kushuka huko ndiko ninakokuona mara nyingi zaidi. Mkunjo wa chini ya titi umeshikizwa kwa nyuzi za tishu zinazoungana na ukuta wa kifua, na daktari akizikata kupita kiasi anapotengeneza mfuko, au ngozi ikiwa nyembamba na kipandikizi kizito, sehemu ya chini hulegea. Chuchu huanza kutazama juu, na sehemu ya juu ya titi huwa bapa. Kuna dalili moja ambayo wagonjwa huigundua wenyewe kwenye kioo bila kujua maana yake: kovu la upasuaji, lililokuwa limejificha ndani ya mkunjo, sasa linaonekana limepanda juu ya titi. Kwa kweli kovu liko pale pale. Kilichoshuka ni mkunjo.

Kipandikizi kikikimbilia kwapani, mara nyingi mfuko ulifunguliwa mno upande wa nje, au msuli unakisukuma huko kila unapojikunja. Umbo la kifua nalo lina mchango wake, kwa sababu mbavu zinazoteremka kuelekea pembeni hukifungulia njia. Kikihamia katikati, hadi matiti mawili yanakutana juu ya mfupa wa kidari na bonde lililoyatenganisha linapotea, hapo kazi ya marekebisho ni ngumu kweli. Ngozi iliyobanduka kwenye mfupa haitaki kurudi kirahisi. Ndiyo maana mgonjwa akisisitiza nimsogezee vipandikizi karibu karibu, namkatalia na kumweleza sababu.

Kupanda juu kuna historia tofauti. Wiki za mwanzo ni kawaida, maana kuna uvimbe na msuli bado umekaza, na kwa kawaida vipandikizi hushuka taratibu ndani ya miezi 3 hivi. Lakini kikipanda baada ya kuwa kilishatulia, na titi likawa gumu, huwa nashuku utando wa kovu unajikaza. Tunapima kwa ngazi nne za Baker: ya kwanza titi ni laini kabisa, ya nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma. Vipandikizi vyenye umbo la tone la maji vina tatizo lao la ziada, nalo ni kuzunguka, sehemu nene ikageukia juu au pembeni. Cha duara kikizunguka hakuna anayejua.

Sasa matibabu. Mfuko ukiwa umetanuka, naupunguza. Naingia kupitia kovu la zamani, natoa kipandikizi, kisha naushona utando wa kovu upande uliolegea, mstari mmoja juu ya mwingine, kwa uzi usioyeyuka au unaochelewa kuyeyuka. Mkunjo nao naupandisha na kuufunga kwenye tishu ngumu za kifua. Kabla sijafunga ngozi, tunainua meza ya upasuaji hadi mgonjwa awe kama ameketi, angali usingizini, nami narudi nyuma hatua kadhaa kutazama. Titi lililolala na titi lililosimama ni vitu viwili tofauti, na mshono unaopendeza mgonjwa akiwa chali unaweza kunisuta akiinuliwa.

Utando ukiwa mwembamba kama karatasi, kuushona peke yake hakutoshi, utachanika. Hapo naongeza kitanda cha kuubeba, ama kipande cha ngozi iliyosafishwa seli zote au wavu maalumu unaoyeyuka polepole. Njia nyingine, ambayo naipenda hasa kwa vipandikizi vilivyokutana katikati, ni kuuacha mfuko wa zamani na kufungua mpya kabisa kati ya utando wa kovu na msuli, kisha ule wa zamani ukalazwa na kufungwa. Anayesumbuliwa na msuli unaokisukuma kipandikizi kila anapoinua kitu, mara nyingi hufaidika kikihamishiwa juu ya msuli, mradi awe na nyama ya kutosha ya kukifunika. Utando uliojikaza hufunguliwa, au hutolewa wote pamoja na kipandikizi.

Na karibu kila mara napendekeza kipandikizi kidogo zaidi. Maongezi hayo ni magumu, najua, lakini siyaruki.

Kuhusu muda, kama hakuna hatari mimi husubiri miezi 3 hadi 6 tangu upasuaji uliopita, tishu zitulie. Yapo mambo ambayo hayasubiri. Titi likivimba ghafla upande mmoja, likawa jekundu, ukawa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na titi likivimba mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, maji yaliyojikusanya lazima yavutwe kwa sindano na kupimwa, kwa sababu kuna saratani adimu ya mfumo wa limfu inayohusishwa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni vipandikizi vyake vya Biocell duniani kote kwa sababu hiyo. Zamani uso wa aina hiyo ulipendwa kwa kuwa hung'ang'ania tishu na kuzuia kuhama. Siku hizi mimi natumia vyenye uso laini na kuweka nguvu zangu kwenye mfuko.

Baada ya marekebisho utavaa sidiria ya kushikilia, usiku na mchana, kwa takriban wiki 6, na katika muda huo usinyanyue vitu vizito wala kufanya mazoezi ya kifua. Mshono unangoja kovu jipya lije kuusaidia. Nasema wazi pia kwamba tatizo linaweza kurudi hata kazi ikifanyika vizuri, na wapo wanaochagua kuvitoa vipandikizi moja kwa moja, wengine pamoja na kuinuliwa titi. Sijawahi kuuona uamuzi huo kuwa wa kushindwa.

Ukienda kumwona daktari, beba ile kadi uliyopewa siku ya upasuaji wa kwanza, yenye ukubwa, aina na namba ya kipandikizi. Kama imepotea, waombe waliokupasua nakala ya taarifa ya upasuaji. Mle ndimo mlimoandikwa jinsi mfuko wako ulivyofunguliwa.