Minneapolis haikubomoa nyumba ya mtu: dhana potofu kuhusu ardhi, pango na usafiri

Tarehe 7 Desemba 2018, madiwani wa Minneapolis walipiga kura 12 kwa 1 kupitisha mpango wa jiji uitwao Minneapolis 2040. Tangu hapo jiji hilo la jimbo la Minnesota, lenye watu wapatao 430,000, limekuwa likitajwa kila mahali Wamarekani wanapobishana kuhusu nyumba na usafiri. Kwa bahati mbaya hutajwa kwa makosa. Wanaolisifu wanasifu kipengele ambacho hakikuzaa matunda mengi, na wanaolishutumu wanalishutumu kwa jambo ambalo halikulitenda. Nayo makosa hayo yanasafiri: diwani wa jiji jingine akisimama kupinga majengo ya ghorofa, husema "tazameni Minneapolis". Basi tuitazame vizuri. Vitongoji vyake vya kaskazini, Brooklyn Park na Brooklyn Center, vina Wakenya wengi, kwa hiyo baadhi ya wanaosoma hapa wanalipa pango lenyewe na kupanda mabasi hayo hayo.

Dhana: Jiji lilipiga marufuku nyumba ya familia moja

Halikupiga. Kilichoondolewa ni amri iliyokuwa inasema kwamba katika takriban asilimia 70 ya ardhi ya makazi mjini hairuhusiwi kujenga kitu kingine chochote isipokuwa nyumba ya familia moja. Kuanzia mwaka 2020 mwenye kiwanja katika maeneo hayo anaruhusiwa kujenga nyumba ya familia mbili au tatu akitaka. Asipotaka, nyumba yake inabaki ilivyo, anaweza kuikarabati, kuiuza au kuwarithisha wanawe. Rasimu ya kwanza ya mwaka 2018 ilitaka ziruhusiwe familia nne. Baada ya kelele nyingi zikapunguzwa kuwa tatu.

Wapinzani waliweka mabango kwenye bustani zao wakisihi mitaa yao isibomolewe kwa matingatinga. Ninaelewa hofu ya mtu aliyelipia nyumba yake kwa miaka thelathini. Lakini hakuna tingatinga lililotumwa na baraza la jiji kwenye nyumba ya mtu kwa sababu ya mpango huu. Matingatinga ya serikali yaliwahi kupita katika eneo hilo, ila kwa sababu nyingine kabisa, na nitaifikia.

Dhana: Kanda za matumizi ya ardhi ziliwekwa kwa ajili ya usafi na utulivu tu

Kanda ni maeneo ambayo sheria ya jiji inaamua kijengwe nini na wapi. Hapa ndipo wengi hawajui historia, hata Wamarekani wenyewe. Ni kweli kwamba kutenganisha viwanda na makazi kulikuwa na sababu za kiafya. Ila hayo yalikuwa nusu ya habari.

Mwaka 1910, katika Minneapolis hiyo hiyo, hati ya kiwanja iliandikwa sharti kwamba kisiuzwe wala kukodishwa kwa watu wa asili ya Kichina, Kijapani, Kituruki, wala kwa mtu mweusi au mwenye damu ya Kiafrika. Masharti ya namna hiyo yakaenea mjini. Mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioanza mwaka 2016, umepekua hati za zamani na kupata maelfu yake, ukayachora kwenye ramani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekataza mwaka 1917, katika kesi iliyotoka Louisville, Kentucky, kwamba miji isigawe mitaa kwa rangi ya watu kwa sheria ya jiji. Lakini hati za watu binafsi ziliendelea kutekelezwa hadi mwaka 1948, na ubaguzi katika nyumba ukapigwa marufuku nchi nzima mwaka 1968 tu.

Minneapolis ilipata sheria yake ya kwanza ya kanda mwaka 1924. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ikabariki mfumo mzima katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Katika hukumu ile Jaji George Sutherland aliandika kwamba jengo la kupangisha katika mtaa wa nyumba binafsi mara nyingi ni kimelea tu, linalojinufaisha kwa uzuri wa mtaa uliotengenezwa na wengine. Tafakari neno hilo. Aliyekuwa anakaa kwenye jengo la kupangisha ni nani kama si mfanyakazi, mhamiaji na mjane? Sheria haikutaja rangi wala kabila, lakini kumzuia asiye na fedha ya kununua nyumba nzima kulitosha kumzuia na mtu ambaye kwa miongo kadhaa alinyimwa nafasi ya kununua. Mpango wa 2040 uliitaja historia hiyo waziwazi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yake ya kijasiri kuliko zote.

Dhana: Nyumba za familia tatu ndizo zilizotuliza pango

Hii ni dhana ya marafiki wa mpango, na inadhuru kama zile za maadui. Nyumba za familia mbili na tatu zilizojengwa tangu 2020 ni chache mno. Kiwanja mjini ni ghali, kubomoa nyumba nzima na kujenga upya ni ghali zaidi, na kanuni za ukubwa wa jengo hazikuacha nafasi kubwa ya mjenzi kurudisha fedha yake.

Hata hivyo pango lilitulia. Taasisi ya Pew Charitable Trusts ilichapisha hesabu mwanzoni mwa 2024: kati ya 2017 na 2022 idadi ya nyumba Minneapolis iliongezeka kwa asilimia 12, na pango likapanda kwa asilimia 1 tu. Katika sehemu nyingine za Minnesota nyumba ziliongezeka kwa asilimia 4, na pango likapanda kwa asilimia 14. Sehemu kubwa ya nyumba hizo mpya imo ndani ya majengo makubwa ya kupangisha, yenye nyumba 20 na zaidi.

Yaliwezekanaje? Kwa mambo mawili ambayo hayakupata mabango. La kwanza ni maegesho. Zamani kila jengo jipya lililazimika kuwa na idadi fulani ya nafasi za magari, zitumike au zisitumike. Jiji lilianza kuondoa sharti hilo katikati ya mji mwaka 2009, likalipunguza sana karibu na njia zenye mabasi na treni za mara kwa mara mwaka 2015, na mwezi Mei 2021 likalifuta mji mzima. Maegesho ya chini ya ardhi hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa gari moja, na aliyekuwa akiyalipia ni mpangaji, hata yule anayekwenda kazini kwa basi. Ieleweke pia kwamba maegesho hayakukatazwa. Mwenye jengo akiona wateja wake wanayataka, atayajenga.

La pili ni kuruhusu ghorofa nne hadi sita kando ya njia kuu za mabasi, na kumi au zaidi karibu na vituo vya treni, bila mjenzi kuomba ruhusa maalumu na kungoja miezi ya vikao. Hapo ndipo ardhi na usafiri vinapokutana, na ndicho kiini cha ubishi wote huu. Basi la kila dakika kumi linahitaji watu wengi wanaoweza kulifikia kwa miguu. Mtaa wenye nyumba chache zilizotawanyika hauwezi kulijaza, kwa hiyo ratiba inapunguzwa, kwa hiyo watu wananunua magari, kwa hiyo wanadai maegesho, na maegesho yanazidi kuzitenga nyumba. Anayejadili kanda bila kutaja mabasi, au mabasi bila kutaja kanda, anajadili nusu ya jambo.

Nikiri lililo kweli: si kila kitu kinatokana na sheria. Janga la korona lilipunguza wafanyakazi katikati ya mji, na wachumi wanabishana ni kiasi gani cha utulivu kinatokana na nini. Lakini hoja kwamba nyumba mpya nyingi lazima zipandishe pango la mji mzima haijasimama Minneapolis.

Dhana: Suluhisho rahisi ni kuweka kikomo cha pango

Jirani yake, Saint Paul, upande wa pili wa mto Mississippi, ulijaribu. Novemba 2021 wapiga kura walipitisha kikomo cha asilimia 3 kwa mwaka, bila kuyaachia hata majengo ambayo hayajajengwa. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka katika miezi iliyofuata. Septemba 2022 baraza lilibadilisha sheria na kuyapa majengo mapya msamaha wa miaka 20. Anayempenda mpangaji, na mimi nampenda, hana budi kuangalia pia nyumba ambayo mpangaji wa kesho ataikosa.

Dhana: Jiji limejaa

Mwaka 1950 Minneapolis ilikuwa na watu zaidi ya 521,000. Mwaka 1990 walikuwa kama 368,000. Haijarudia idadi ya babu zake hata sasa.

Dhana: Kujenga mjini ni adui wa mazingira

Hoja hii ilifika mahakamani. Desemba 2018 kundi la Smart Growth Minneapolis na wapenzi wa ndege walishtaki, wakidai mpango ungeharibu hewa, maji na makazi ya ndege. Mwaka 2022, na tena Septemba 2023, jaji alisimamisha utekelezaji. Mwaka 2024 bunge la jimbo liliingilia kati na kuikinga mipango ya namna hiyo dhidi ya kesi za aina ile. Kinachosahaulika ni kwamba familia isiyopata nyumba mjini haipotei hewani. Inakwenda pembezoni, kwenye shamba lililogeuzwa mtaa, na kuendesha gari kilomita nyingi kila siku.

Dhana: Wenye magari hujilipia barabara, wapanda mabasi hubebwa

Ushuru wa serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haujapandishwa tangu 1993. Mfuko wa barabara kuu unaotegemea ushuru huo umekuwa ukiokolewa mara kwa mara kwa fedha za kodi ya kila mtu tangu 2008. Mama asiye na gari anazichangia barabara hizo. Usafiri wa umma nao unachangiwa, na hakuna haja ya kuficha: tangu Oktoba 2023 eneo la Minneapolis na Saint Paul lina kodi ya mauzo ya asilimia 0.75 kwa ajili ya usafiri. Vyote viwili ni huduma za umma zinazolipiwa na umma. Swali la haki ni nani anahudumiwa kwa fedha hiyo.

Mabasi ya D Line, yaliyoanza Desemba 2022, ni mfano mzuri wa fedha iliyotumiwa vizuri. Yanatoka Brooklyn Center, yanapita kaskazini mwa Minneapolis, katikati ya mji, kisha yanashuka barabara ya Chicago hadi kwenye jengo kubwa la maduka la Mall of America. Msomaji wa Dar es Salaam asifikirie mwendokasi wenye njia yake ya zege. Kwa sehemu kubwa D Line hutumia barabara pamoja na magari mengine. Lakini nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, vituo vimepunguzwa, na taa za barabarani huyapa nafasi. Yalichukua nafasi ya njia namba 5, iliyokuwa na abiria wengi kuliko zote.

Dhana: Barabara pana zaidi itamaliza foleni

Houston, Texas, ilipanua barabara ya Katy hadi njia 26 katika sehemu zake pana, kazi ikakamilika mwaka 2008. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zinachukua muda mrefu zaidi. Nafasi mpya huwaita madereva wapya, na nyumba mpya hujengwa mbali zaidi kwa sababu barabara ipo.

Na sasa yale matingatinga. Barabara kuu ya I-94 kati ya Minneapolis na Saint Paul ilipitishwa katikati ya Rondo, mtaa mkuu wa watu weusi wa Saint Paul. Kati ya miaka ya 1956 na 1968 mamia ya familia zilipoteza nyumba, maduka na makanisa yao, mtaa ukakatwa vipande viwili. Anayesema majengo ya ghorofa yanaharibu mitaa atembelee Rondo aone kilichoharibu mtaa.

Dhana: Wakubwa wakishachora, mwananchi hana la kubadilisha

Mwaka 2010 watu wa eneo hilo hilo walithibitisha kinyume. Reli ya Green Line ilikuwa inapangwa kupita barabara ya University, na michoro iliviruka vituo vya Western, Victoria na Hamline, yaani mitaa ya weusi, wahamiaji na watu wa kipato cha chini. Sababu ilikuwa fomula ya serikali kuu: kila kituo kiliongeza gharama na kuchelewesha treni kwa sekunde kadhaa, na mradi ungeonekana hauna tija. Treni ingewapita watu wanaoihitaji kuliko wote huku kelele za ujenzi wakizivumilia wao.

Vyama vya mitaa, makanisa na wenye maduka waliungana kudai vituo. Hawakuupinga mradi. Waliiandama fomula yenyewe hadi Washington, na Januari 2010 serikali ikalegeza masharti. Vituo vyote vitatu vikaingizwa, na reli ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 2014, treni zilisimama hapo kuanzia siku ya kwanza.